Matanga ya Polycarpe wa Tenke

Kama kuna mwanaume aliyependwa Kolwezi bila kuikanyaga Kolwezi, ni Polycarpe wa Tenke, mstaafu wa reli. Mluzi wake uliwahi kusimamisha treni ya madini ya manganizi kutoka Kisenge, ukamnyamazisha na jogoo wa mkuu wa stesheni, asiwike tena mpaka alipochinjwa. Meno yake ya shaba yaling'aa hivi kwamba akicheka juani, watu waliwashia hapo sigara. Habari hizo ziliwafikia wanawake wa mtaa kupitia kwa mchumba wake, Mama Ndaya, mjane mwenye magoti mabovu, kila aliporudi kutoka kumtembelea.

Polycarpe hakuwahi kuwepo duniani. Tenke kulikuwa na kituo cha afya tu, ambako Ndaya alichukulia dawa za ukimwi. Ugonjwa huo aliachiwa na marehemu mumewe, pamoja na nyumba. Kolwezi nako dawa zilikuwepo, tena karibu. Lakini kwenye benchi ya hapo angeweza kukutana na Wivine, jirani wa kanisani, na jambo likijulikana na Wivine asubuhi, mchana limeshafika mji wa mbali wa Sandoa.

Safari ya mwisho, muuguzi wa Tenke aliwakusanya kina mama wazee.

"Kirusi kimelala kwa sababu ya dawa," aliwaambia. "Lakini mwili unazeeka. Tension ya damu, sukari, mifupa, yote tupime. Na wewe, Mama Ndaya, utapanda malori na hayo magoti mpaka lini? Siku utashindwa, dawa itakatika, kirusi kitaamuka. Nikuhamishe Kolwezi?"

"Bado kidogo, mwanangu."

Watoto wake walikuwa wamehamia mbali, wakipiga simu siku ya Bonane tu, mwaka mpya. Chupa ya dawa aliizika ndani ya ndoo ya unga. Kila jioni, adhana ya magharibi ikilia, alimeza kidonge chake, akaweka kikombe cha bati kwenye sakafu ya sima, saruji tupu, kikalia. Nyuma ya ukuta, jirani yake Bilkisi, mjane wa dereva wa malori, alikuwa akitawadha.

Basi siku moja Farida, binti wa Bilkisi, akapita.

"Mama Ndaya, kesho bwana yangu anapita Tenke na camion ya mizigo, mi naenda naye. Nitamupelekea Tata Polycarpe salamu. Nyumba yake iko wapi?"

Ndaya alikuwa akichambua sombe, majani ya muhogo. Aliitafuta nyumba hiyo kichwani, asiione.

"Hautamukuta," alisema. "Alikufa."

Alidhani yameisha, kama vile hajui anaishi wapi. Sombe haijachemka, mikeka imetandikwa uani, mbabula za makaa zinawaka, na Wivine anaongoza nyimbo. Walimkalisha Ndaya chini, wanawake wawili wakamshika huku na huku, maana mfiwa haachwi peke yake hata akitaka kujikuna.

"Alikufa na nini?"

"Radi."

"Ile meno," alisema Wivine. "Mi nilisemaka."

Ndaya alikuwa amesahau bega la mtu linavyopasha joto. Alikaribia kumshukuru Polycarpe. Jua likazama, Wivine akainuka.

"Batu ni bengi. Mi naenda kusonga bukari. Unga iko wapi?"

Ndaya alitaka kusimama, wakamrudisha chini. "Kaa, mama. Nguvu utatoa wapi?"

"Acha, Wivine," alisema Bilkisi kutoka mlangoni. "Jiko yake njo mi naijua."

Kifuniko cha ndoo kililia. Ndaya akafumba macho. Adhana ikaanza.

Bilkisi alitoka na beseni la unga, akampa Wivine. Kisha akainama mbele ya Ndaya na kikombe cha bati, mkono wake mweupe mpaka kiwiko, akamwekea kitu kidogo kiganjani.

"Kunywa, mama. Saa yake imefika."

"Ni dawa ya nini?" aliuliza Wivine.

"Ni ya mama. Wewe songa bukari."

Wengine walipokuwa wakila, Ndaya alimnong'oneza Bilkisi, "Ulijua tangu lini?"

"Mi nikinawa ya kuswali, kikombe yako inalia ku sima. Kila siku. Mutu wa kichwa kuuma hakunywaka vile."

"Na Polycarpe?"

"Marehemu wangu alikuwa anapakia Tenke. Hakuona huyo mutu."

"Na haukusema kitu."

"Ulikuwa na bwana muzuri. Ningemuua, ungebaki na nani?"

Miaka yote hiyo ukuta wa tofali moja, na kila mmoja upande wake akinywa chai peke yake.

"Matanga ikiisha, tunaenda ku centre ya afya ya hapa," alisema Bilkisi. "Mi nitakaa na wewe ku benchi. Wakisema, watatusema sisi wawili."

Hapo Ndaya akalia kweli. Wivine aliwaambia wenzake wamwache, kufiwa mara mbili si mchezo. Na Ndaya alimlilia Polycarpe hasa, aliyemngoja stesheni miaka yote hiyo bila kulalamika, na sasa, akiacha kwenda Tenke, hakuna tena mtu huko wa kumwambia kwamba yeye hatakuja.