Yai la Sanduku la Kumi na Nne

Walimwita Bi Kalenda, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kwa miaka tisa katika kituo kile cha utafiti, yeye ndiye aliyeliona yai la kwanza la msimu. Ndege wenyewe walikuwa waimbaji wadogo, weusi mgongoni na weupe kifuani. Kila mwaka walihama, kisha wakarudi kutaga katika visanduku vya mbao vilivyopigiliwa mitini. Kituoni waliitwa wageni. Daktari, mwanamke mkimya aliyeongoza utafiti, alitaka kujua jambo moja tu: je, wanarudi kwa wakati? Viwavi wakitokea mapema na wageni wakachelewa kutaga, makinda hulala njaa. Kwa hiyo tarehe ya yai la kwanza iliandikwa kwa chaki ubaoni, pamoja na jina la aliyeliona. Miaka tisa, jina lilikuwa lile lile.

Mwaka huu akajiponza kwa wema wake. Alimwombea kazi mke wa kaka yake. Wifi huyo alikuwa mcheshi, mwepesi wa kupanda ngazi, na wiki mbili hazijaisha, mlinzi wa lango, ambaye hata salamu aliitikia kwa kununa, akawa anamwekea chai. Bi Kalenda miaka yote hiyo hajawekewa hata maji. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Aliyesema hivyo hakuwa na wifi.

Tarehe tano wifi akaingia ofisini akihema, majani nyweleni.

"Wifi, sanduku la kumi na nne lina yai. Dogo, la buluu, bado lina joto."

Moyo wa Bi Kalenda ukaingia kijicho. "Haiwezekani. Hawajawahi kutaga kabla ya tarehe tisa. Hilo ni la mwaka jana."

"Na joto lile?"

"Jua hilo. Una wiki mbili tu hapa, wifi, usinifundishe kazi."

Wifi akacheka, akaomba radhi, akarudi kwenye ngazi yake. Hakununa hata kidogo, na hilo ndilo lililomuuma Bi Kalenda zaidi.

Alijua kuwa yai ni jipya. Wifi alipokwenda kula, Bi Kalenda alilitazama mwenyewe. Kesho yake yakawa mawili. Akafunga kifuniko taratibu na kunyamaza, maana daftari la tarehe za mayai lilikuwa mikononi mwake. Tarehe tisa akapata yai katika sanduku lake, la thelathini na moja, akaliandika kuwa la kwanza. La kumi na nne akaliandikia tarehe kumi. Daktari aliporudi kutoka safarini, akaandika ubaoni jina la siku zote. Aliyepiga makofi kuliko wote ni wifi.

Lakini wivu haukumkumbusha Bi Kalenda jambo ambalo yeye mwenyewe amewafundisha watu chungu nzima. Ndege akianza kulalia mayai hasumbuliwi, kwa hiyo siku ya kuwavisha makinda pete za miguuni za kuwatambulia huhesabiwa kutoka tarehe ya yai. Huvishwa wakiwa na siku nane, hawajajua hata kuogopa. Wakifika siku kumi na tatu, ukiwafungulia tu wanaruka, na kuruka bado hawajui.

Asubuhi moja akaiona orodha ya Daktari ukutani: leo, sanduku la kumi na nne. Akahesabu kwa vidole, akarudia. Siku nane za daftari zilikuwa kumi na tatu za Mungu. Mfuko wa pete haukuwepo msumarini.

Alikimbia, yeye na unene wake, daftari na kalamu kwapani, hadi kanga ikabaki kichakani. Alifika wifi akiinua kifuniko. Makinda sita wakaruka pande zote na kuanguka nyasini. Paka wa mlinzi alikuwa karibu kuliko wao. Waliokoa wawili.

"Wifi, nimefanya nini?" wifi alilia. "Nimewashtua?"

Bi Kalenda, na hapa tusimtetee, kwanza aliona raha. Ilikuwa raha ya nukta moja, lakini raha.

Daktari akaja, akakunjua bawa la kinda mmoja. "Hawa si wa siku nane."

"Kosa ni langu," wifi akasema. "Niondoe mimi, Daktari. Ila wifi yangu usimfikirie vibaya kwa kunileta."

Alichokiomba mwezi mzima kilikuwa kimeletwa mbele yake kwenye sinia. Ilibaki kunyamaza tu.

"Simfukuzi mtu," Daktari akasema. "Kama wana siku kumi na tatu, yai lilitagwa tarehe tano. Wageni hawajawahi kutaga mapema hivyo. Habari hii nimeingoja miaka tisa. Nani aliliona?"

 Wifi aliambiwa ni yai la mwaka jana, na mpaka sasa alikuwa anaamini.

"Yeye," Bi Kalenda akasema. "Tarehe tano. Mimi nikaandika kumi, kwa wivu."

Daktari hakumkemea. Alimpokonya daftari na kalamu, akampa wifi. Wifi akafuta machozi kwa kiwiko, akapiga goti, akaandika tarehe, idadi ya makinda waliotoka na waliobaki. Bi Kalenda alisimama nyuma yake amewafunika wale wawili kwa viganja, akisoma juu ya bega lake. Herufi zilikuwa za duara, zimenyooka mstari mzima, na hata hapo, Mungu amsamehe, akauonea wivu mwandiko.