Sodiamu Katika Mafuriko

Maji ya Mto Nyamwamba yalikuwa yamemfika Eridadi kifuani, na mikono yake yote miwili ilikuwa juu, imeshika chupa ya sodiamu. Kando yake wasichana tisa walikuwa wakitoka maabara ya shule mmoja mmoja, wakifuata kamba iliyofungwa kwenye lori la jeshi.

Kwa miaka kumi na minne alikuwa mtunza maabara wa shule hiyo ya Kasese, na metali hiyo aliipenda kuliko alivyowapenda baadhi ya walimu. Ilikuwa laini, ikikatika kwa kisu kama sabuni ya mche. Ilipokatwa iling'aa kama fedha, na kabla mwalimu hajamaliza kueleza, ilikuwa imekwisha kufifia. Haikuzama majini, ilielea, ikakimbia huku na huku, ikawaka. Ndiyo maana ililazwa ndani ya mafuta ya taa.

Na mafuta hayo Eridadi alikuwa akiyaiba. Kikombe leo, kikombe kesho kutwa, ya jiko la mkewe Musimenta. Sasa vipande vilikuwa vikavu, na kifuniko kilikuwa kimepasuka kwa kufunguliwa ovyo. Alikiziba kwa kiganja huku mvua ikimnyeshea. Aibu ilimkaba kuliko baridi.

"Wewe mzee, tupa hiyo chupa. Shika kamba," akaamuru Davis, askari aliyekuwa akiwavusha.

"Siwezi, afande. Hii kitu inawaka kwa maji. Na watoto iko ndani ya maji."

"Inawaka kwa maji?" Davis alimtazama kama mtu aliyerukwa na akili.

"Ni kweli, afande," alisema Clare, msichana wa mwisho, meno yakigongana. "Tulisoma."

Davis alimshika Clare mkono akamvusha.

Clare alipopandishwa kwenye lori, Eridadi alijua wakati wa kuitupa umefika. Lakini mabega yalikuwa yamekufa ganzi, na popote ambapo angeweza kuitupa pangekuwa karibu mno na Davis. Askari huyo alikuwa ameshaingia tena majini, anamfuata.

"Rudi, afande. Niache nitupe kwanza."

"Leta mkono."

"Mafuta yake niliiba mimi. Ndiyo maana iko hivi."

"Hiyo utaambia hedimasta. Leta mkono, mzee."

Zilibaki hatua tatu. Davis alikuwa akitabasamu, tabasamu la kumbembeleza mgonjwa. Chini ya kiganja chake kitu kilianza kuchemka taratibu, na kioo kikapata joto.