Alama Kumi na Mbili

Mimi Mbwana nilikuwa mhesabuji bora wa nazi kutoka Msambweni mpaka Diani. Najisifu, ndiyo. Siku hizi sina kingine cha kujisifia.

Nazi zina hesabu yake. Kila mia ikitimia, mhesabuji huchukua moja zaidi akaiweka kando. Hiyo ni alama, haihesabiwi. Kazi ikiisha unazitazama alama zako: zikiwa tano, basi una mia tano. Halafu unakwenda nazo nyumbani, ni haki yako. Mkono wangu ulifanya hivyo miaka kumi na minane bila kuniuliza.

Mwaka wa sitini na tatu, miezi michache kabla ya Uhuru, ukaja uchaguzi wa baraza. Kwetu palikuwa na jambo moja tu, kiwanja cha ufuoni Diani. Abdulkadir alisema waziwazi kwamba akishinda, kiwanja kitatolewa kijengwe hoteli. Matano alisema hakitoki. Ndani ya kiwanja hicho palikuwa na nyumba ya shangazi yangu Mwanarusi, minazi yake thelathini, na kaburi la mumewe aliyeipanda.

Kisha tukasikia kura zitajumlishwa kwa mashine, dude la chuma lenye mkono wa kuvuta. Wazee wakapiga kelele wiki nzima.

"Chuma hakina imani," alisema shangazi. "Nani atakiapisha?"

Mwishowe wakapatana. Karatasi zihesabiwe kwanza kwa mkono, na kila upande uchague mtu wake. Mashine ijumlishe tu hesabu za meza zote. Upande wetu ukamtaja Mbwana kwa sauti moja. Shangazi akaushika mkono wangu wa kulia, akausomea Fatiha. Nilitembea kifua mbele kama bwana harusi.

Tulihesabu darasani, mchana, madirisha yamejaa nyuso. Nilipewa karatasi za Matano. Yule wa Abdulkadir alilowesha kidole kila karatasi, akarudia mara mbili, nikamcheka moyoni. Mimi nilikwenda mbio. Kila mia nikaifunga uzi, na kwenye pembe ya meza nikaweka karatasi moja. Nilipomaliza nikazitazama zile za pembeni: kumi na mbili. Na juu yake thelathini na moja. Nikaandika elfu moja mia mbili thelathini na moja, nikatia saini.

Karani wa kufunga masanduku akapita, akaziona zile kumi na mbili zimekaa peke yake, akazitia katika bahasha ya kura zilizoharibika. Nilimwona. Wala sikushtuka, maana alama haihesabiwi.

Charo, aliyekuwa akiendesha mashine, akabonyeza tarakimu na kuvuta ule mkono. Ukanda wa karatasi ukatoka. Bwana msimamizi akausoma: Abdulkadir amemshinda Matano kwa kura saba.

"Mashine imeiba!" watu wakapaza sauti madirishani.

Msimamizi akaendelea kusoma. Kura zilizoharibika katika meza yetu, kumi na tisa.

Kumi na tisa? Mbele ya macho yangu zilikataliwa saba tu. Nikaitazama pembe ya meza, ilikuwa tupu. Zile hazikuwa nazi. Zilikuwa watu kumi na wawili waliopanga foleni juani kwa ajili ya shangazi yangu.

Nikamfuata msimamizi, nikamweleza yote, mpaka nazi. Alinisikiliza huku akiyeyusha lakiri ya kufungia bahasha.

"Mashine imekosea?" akauliza.

"La, bwana. Haikukosea."

"Saini hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Na huyu Matano akishinda, wewe unapata nini?"

"Shangazi yangu anakaa kwenye kile kiwanja."

Akatabasamu kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyoniuma. "Nenda nyumbani, Mbwana, kabla sijaandika jina lako." Akabandika muhuri. Nilisimama pale nikiitazama lakiri ikikauka, nisijue pa kupeleka mikono yangu.

Minazi ilikatwa baada ya mfungo. Mwenye hoteli alitaka idadi ya nazi zilizoanguka, na nani mwingine wa kuitwa? Nikaenda, kwa sababu shangazi aliniomba niwe karibu naye. Alikaa juu ya kinu chake, vyombo vimefungwa kwenye mkeka, akinitazama nikihesabu. Mia ilipotimia nilishika ile moja zaidi, nikashindwa kuiweka chini.

"Shikamoo, shangazi," nilisema, ingawa nilikwisha kumwamkia asubuhi. Nilitaka kumwambia.

"Marahaba, mwanangu." Akaupapasa mkono wangu, ule aliousomea. "Usilie. Ile mashine ndiyo iliyotumaliza. Wangekuachia wewe mpaka mwisho, wallahi, leo ningekuwa napika."