Picha ya Bibi Anayenyonyesha

Anselme alikuwa na miezi minne aliporudishwa Paris, na mimi nikaja naye, maana chakula chake nilikibeba kifuani. Nilikuwa yaya wake wa kunyonyesha. Mabibi wa mjini wakishajifungua walipeleka watoto vijijini kwa watu kama sisi, wao wakajifunga vitambaa kifuani mpaka maziwa yakauke.

Sasa mama yake, Bibi de Varsy, akasoma kitabu. Wenye hekima wa siku zile walisema mama anyonyeshe mwenyewe, ndivyo maumbile yatakavyo. Akaita mchoraji amchore akinyonyesha, picha itundikwe kwenye maonyesho makuu.

"Perrine, kesho rudi kwenu," akaniambia. "Nitamnyonyesha mwenyewe."

"Kwa maziwa gani, Bibi?"

"Maumbile yataleta."

Hayakuleta. Mtoto alivuta, akakosa, akapiga ukelele. Mchoraji, Bwana Tessard, akaweka brashi chini. "Bibi, huyu nikimchora hivi watu watadhani anachinjwa."

Nikaitwa. Nikavikwa gauni la Bibi, nikakalia kiti chake, mtoto akanyamaza papo hapo. Ikaamuliwa Bwana Tessard achore kifua changu, kichwa cha Bibi aje akiweke baadaye.

"Siku ngapi, bwana?" nikamuuliza tulipobaki wenyewe.

"Tatu. Kisha unakwenda zako."

"Na huyu ale nini? Uji wa mkate? Nimeona watoto wangapi wakizikwa kwa uji huo! Chora polepole, baba."

"Wee mama, mimi nasifika kwa haraka."

"Basi leo mkono ukuume."

Akamtazama mtoto. Akanitazama mimi. Mkono ukamuuma miezi mitano. Bibi akiuliza, anajibiwa kwamba mkunjo wa gauni bado haujakubaliana na akili, naye anaridhika kabisa, kwa kuwa neno hilo la akili alilikuta kitabuni.

Picha ilipotundikwa, Anselme alikuwa na meno manne, anatafuna mkate. Nilimbeba hadi pale, nikasimama nyuma ya Bibi. Msomi mmoja mzee alikuwa mbele ya picha, anajifuta machozi.

"Tazameni maumbile yenyewe! Maziwa ya mama hayana mfano!"

Bibi akainamisha kichwa kwa haya.

"Hayana, bwana," nikasema, huku nautoa mkono wa Anselme kifuani mwangu, maana alishaanza kunifungua vifungo mbele za watu.