Melimeli Yenye Bitana

Fundi alikitupa kitambaa juu ya meza, nacho hakikuanguka. Kilielea kidogo, kisha kikatua polepole kama mgeni asiyejua akae wapi. Melimeli halisi, nyeupe kama maziwa, laini hata vidole vyake vilivyosuguliwa na sindano viliona haya kukigusa. Kilinunuliwa na mkwewe, mume wa binti yake, na mkwe huyo alikuwa hodari wa zawadi. Majirani walimsifu mpaka wakachoka, na fundi, kusema kweli, hakuchoka kusikia.

"Mikono iwe mirefu mpaka kwenye viganja, mama," alisema binti yake. "Shingo uifunge. Na uweke bitana."

"Bitana kwenye melimeli? Si ungeniletea blanketi tu nikushonee?"

Binti alicheka, lakini kicheko kiliishia mdomoni. "Ndivyo anavyopenda mwenyewe."

Anayenunua melimeli hununua upepo. Kuitia bitana, kitambaa cha pili kwa ndani, ni kuufungia upepo huo. Fundi aliguna, akachukua futi ili ampime. Binti akarudi nyuma.

"Tumia vipimo vya zamani. Sijabadilika."

Vipimo hivyo fundi alivijua kwa moyo, basi akakata. Hapo ndipo alipokosea, maana fundi hampimi mtu kwa kumbukumbu, hata awe mtoto wake wa kumzaa.

Siku ya kujaribu, gari la mkwe lilisimama nje, injini ikinguruma. Binti aliingia peke yake, akavaa nyuma ya pazia, akatoka. Nguo ilimpwaya kila mahali. Fundi, pini zikiwa mdomoni, alimshika mabega akamgeuza dirishani. Ndivyo alivyomgeuza kila mteja kabla ya kutia bitana, ili mwanga umwonyeshe mishono iliyokwenda upande. Binti alikuwa ameisahau kawaida hiyo ya mama yake.

Mwanga ukapenya. Juu ya kiwiko, chini ya weupe ule, zilionekana alama nne zilizopangana, na ya tano upande wa pili. Kiganja cha mtu. Ubavuni palikuwa na doa jingine, la zamani, lililokwisha kugeuka manjano.

Fundi alizitoa pini mdomoni moja moja, asije akazimeza. Aliogopa, kisha akaona aibu iliyozidi hofu yenyewe: sifa zote zile alizozipokea mlangoni, akazikenulia meno! Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, naye hakuwahi kufikiri kwamba nguo hiyo angeishona yeye.

"Tangu lini?"

"Mama, tafadhali. Tia bitana niondoke. Akingojeshwa sana..."

"Huondoki."

"Sasa utamwambia nini?"

Nje honi ililia mara moja, kwa adabu. Kisha injini ikazimwa. Binti alikimbilia nyuma ya pazia, lakini mlango ulikuwa umekwisha kufunguliwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu fundi. Neno "mwanangu," alilozoea kuliongeza hapo, safari hii hakuliongeza.

Mkwe alikuwa nadhifu, mwenye tabasamu. Macho yake yalimpita fundi, yakatua kwenye bitana iliyokunjwa mezani, haijaguswa, yakakaa hapo.

"Nguo haijaisha," alisema fundi, akisogea mpaka akaliziba pazia kwa mwili wake. "Inampwaya. Lazima niifumue yote. Atabaki kwangu mpaka iishe."

"Kazi yenyewe ni ya muda gani?"

"Melimeli haitaki haraka."

Mkwe aliitikia kwa kichwa, mpole kabisa. Aliurudisha mlango, akatia komeo, akavuta kiti cha wateja akaketi.

"Hata mimi sina haraka, mama," alisema. "Nitangoja."

Mkono wa binti ulitokeza penye pazia, ukimpa mama yake ile nguo. Fundi aliipokea, akaketi kwenye cherehani. Akachukua wembe, akautafuta mshono wa kwanza kwa kidole gumba, akaanza kufumua taratibu, bila kumwondolea mkwewe macho.