Vipimo vya Cadette

Cadette ndiye aliyetunza seva ya chama cha wachangia damu pale Kasongo. Ilikuwa kompyuta moja tu katika chumba cha nyuma cha ofisi, ikila umeme wa jua. Katika hifadhidata yake mlikuwa na majina ya watu walio tayari kutoa damu, na kundi la damu la kila mmoja. Ushindi, wa tawi la Kabambare, alikuwa akipiga simu kulalamika kwamba mashine inachelewa kujibu.

Basi Cadette akaweka programu ya kuipima hifadhidata: inaulizwa maswali kiasi gani, inajibu kwa kasi gani, inalemewa wapi. Vipimo vikajichora kwenye skrini, mstari wa kijani na mwekundu. Akaipenda mno mistari ile, akawa anakunywa chai mbele yake kama mtu anayetazama mpira.

Lakini mashine ikazidi kuwa nzito. Mstari mwekundu ukapanda, ukagoma kushuka.

"Ni wewe, Ushindi," akasema kwa simu. "Huko munaiuliza maswali bila kupumuzika!"

"Yaya, dada yangu, huku réseau yenyewe ya mtandao iko ya kubahatisha. Tutauliza na nini? Ngoja, nakuja."

Kesho yake akafika kwa pikipiki, matope hadi kwenye nyusi. Cadette alikuwa ametamani apate pancha njiani, maana asubuhi ile alikuwa ametazama ni nani anayeuliza zaidi, akakuta ni programu yake mwenyewe. Aliiamuru iulize kila sekunde.

"Mwizi amepatikana?" Ushindi akauliza.

"Amepatikana."

"Iko anakaa Kabambare?"

Cadette akaelekeza kidole kwenye skrini, kisha, polepole, akajielekeza mwenyewe.

Ushindi akacheka hadi akashika ukuta. "Yaya, unaamusha mugonjwa kila mara kumuuliza kama analala muzuri!"

Cadette naye akashindwa kujizuia kucheka. Akapunguza, iulize mara moja kwa dakika. Mstari mwekundu ukateremka.

Mchana Léocadie, mkunga wa Kabambare, akapiga simu. Mama aliyejifungua alikuwa amepoteza damu nyingi. Walipoandika kundi lake, jina la mchangiaji lilitokea papo hapo, na mtu amekwisha kufika. Mama anaendelea vizuri.

"Nisamehe kwa yale maneno ya simu," Cadette akasema, akimletea ndoo ya maji ya kuoga.

"Nimesamehe. Lakini tutarudi Kabambare pamoja, upime na ile barabara."