Kiuno cha Mheshimiwa

Nimeshona nguo za wanaume tangu nikiwa msichana, na sijawahi kuona mtu anayetaka kupimwa tumbo ambalo bado hajalipata. Shemeji yangu ndiye wa kwanza. Alisimama katikati ya duka langu, mikono juu kama anayekamatwa, mimi nimemzungushia futi kiunoni, naye ananiambia, "Ongeza."

"Niongeze nini? Kiuno chako kinaishia hapa."

"Ongeza, shemeji. Ongeza cha mbeleni. Wewe umewahi kumwona diwani mwembamba?"

Nikamtazama usoni nikitegemea kuona anacheka. Wapi! Alikuwa amekaza macho kwenye kioo changu, anamwangalia huyo mnene aliye njiani kuja. Basi nikamwongezea. Kitambaa ni chake, ujinga ni wake, kazi yangu ni mshono.

Huyu ni mdogo wake mume wangu. Nyumbani tunamwita Mipango, kwa sababu hajawahi kukosa mpango. Aliwahi kuwa na mpango wa kufuga sungura. Sungura wakahamia kwa majirani, na majirani wakanenepa. Akaja na mpango wa kuuza barafu kwenye friji ya mama yake. Umeme ukakatika siku ya kwanza, tukashinda tunapiga deki. Sasa mpango ulikuwa udiwani. Moyo wake mzuri, hilo sikatai. Mwanangu alipolazwa, huyu ndiye aliyelala sakafuni hospitali bila hata shuka, akimsimulia hadithi za uongo mpaka homa ikashuka. Ukimwomba chumvi anakupa pamoja na kijiko. Lakini kumpa mtaa mzima auongoze, jamani! Mtu huyu akitumwa mkate anarudi na kiberiti.

Mpinzani wake alikuwa Mama Ndoo, anayeuza ndoo na mabeseni pale kona. Mwanamke yule simpendi, na sifichi. Aliwahi kunirushia gauni lake juu ya meza mbele ya wateja, akasema, "Umenishonea gunia lenye mikono!" Tangu siku hiyo tukipishana yeye anakohoa, mimi natazama pembeni. Ila haki yake nimpe. Gari la taka lilipoacha kupita mtaani kwetu, alijaza ndoo moja uozo wa sokoni, akaenda nayo ofisi za manispaa, akaiweka juu ya meza ya mkubwa, kisha akavuta kiti akakaa. Hakutukana mtu. Alikaa tu, kimya, mpaka mkubwa mwenyewe akashika simu huku ameziba pua. Gari lilikuja siku hiyo hiyo.

Sasa mnielewe shida yangu. Mbele ya duka langu unapita mtaro, na mtaro umeziba. Mvua ikinyesha, maji machafu yanapanda ngazi na kuingia ndani bila hodi. Msimu uliopita yaliingia na kukuta gauni la bibi harusi linaning'inia, yakalipaka tope mpaka magotini. Bibi harusi alilia, mama yake akanitukana matusi ambayo mengine nilikuwa siyajui, nami nikalia walipoondoka. Wateja wakaanza kupungua. Mvua nyingine kama ile, nafunga duka. Na nikifunga, nitarudi kushonea chumbani, cherehani kati ya kitanda na kabati, mama mkwe akichungulia kila dakika kuniuliza kwa nini pedali inapiga kelele. Afadhali nihame.

Mama Ndoo aliahidi kitu kimoja tu: mtaro. Hakujua kuahidi kingine. Alisimama juu ya beseni lililopinduliwa, akasema, "Nitachimba mtaro," akashuka.

Nikamuuliza Mipango siku alipokuja kujaribu suti, pini ziko mdomoni mwangu. "Na mtaro je, shemeji?" Na yeye mwenyewe amepanga chumba nyuma ya duka langu! Maji yakishanimaliza mimi yanakwenda kwake.

"Mtaro ni mambo madogo," akasema. "Mimi nawaza uwanja wa ndege."

"Uwanja wa ndege wa nini?"

"Wa mtaa."

Nusura nimeze pini.

Jumapili ya kabla ya uchaguzi mama mkwe akatuita sebuleni, akatupanga kwenye makochi kama tunapigwa picha. Akasema humu ndani hakuna kura mbili, kuna kura ya mwanawe tu, na atakayemtia aibu asikanyage kwake. Kila mtu akala kiapo. Wifi yangu aliapa huku amemshika mama yake kichwani. Mume wangu, fundi friji, mtu ambaye ukimuuliza jina lake anajibu kwa sauti ya chini, siku hiyo aliapa mpaka glasi zikatetemeka kabatini. Ilipofika zamu yangu nikasema, "Sawa. Lakini na mtaro je?"

Mama mkwe akanitazama kuanzia viatu mpaka kilemba. "Huyu," akawaambia wenzangu, "mumwangalie."

Basi nikawa naangaliwa. Nikienda kununua sindano, wifi ananifuata asije Mama Ndoo akanipa beseni. Nikasema moyoni: haya, nyinyi niangalieni tu, kule ndani ya kile kibanda cha kura sitaingia na mtu. Nikakata shauri. Gunia lenye mikono nimelimeza, namchagua Mama Ndoo, nautaka mtaro wangu. Na sikuona aibu hata chembe. Kura zote za ukoo anazo, yangu moja ya nini?

Siku ya kura tukapanga foleni shuleni, ukoo mzima. Nikawa wa mwisho, kwa sababu mama mkwe alisema wa kuangaliwa akae nyuma. Hapo ndipo nilipoanza kuona mambo. Mume wangu aliingia, akatoka haraka, akaenda moja kwa moja kwa mdogo wake aliyekuwa amesimama getini, akamkumbatia kwa nguvu, akampigapiga mgongo. Kumbatio lile nalijua! Ndilo analonipa mimi akirudi nyumbani amesahau nilichomtuma.

Akatoka wifi, akapita anatazama mawingu, na siku hiyo hapakuwa na wingu. Akatoka mama mkwe. Akamwendea mwanawe, akaanza kumnyoosha kola ambayo nimeipiga pasi mwenyewe na ilikuwa imenyooka, akainyoosha tena na tena, na macho yake hayakupanda juu ya kola.

Ala! Nikasema, watu hawa wamemuuza.

Na yeye mwenyewe, maskini, amesimama pale ndani ya suti ya mtu mwingine ambaye bado hajazaliwa. Mkono mmoja anasalimia wapiga kura, wa pili ameushika mshipi, maana suruali ilikuwa imejikunja kiunoni kama mdomo wa mfuko. Aliponiona mimi akafurahi, akanipungia mikono yote miwili. Suruali ikaanza safari. Akaidaka magotini. Foleni nzima ikacheka, naye akacheka nao, akidhani wanampenda. Roho iliniuma, siwezi kusema uongo. Nilimkasirikia, na roho ikaniuma.

Nikaingia kibandani. Karatasi ina picha mbili. Mama Ndoo amekunja uso hata kwenye picha, kama anayenidai gauni. Nikapeleka kalamu kwake. Mkono ukagoma. Nikaona karatasi ya matokeo itakavyobandikwa mlangoni, katika shule hii hii aliyojifunzia kusoma, na mbele ya jina lake pameandikwa sifuri. Nikamwona amelala sakafuni hospitali, bila shuka, anamdanganya mwanangu kwamba simba huwa wanakunywa dawa bila kulia. Hata moja? Ukoo mzima, hata moja?

Nikamlaani yeye, nikajilaani mimi, nikaulaani na ukoo wake wote kuanzia mababu, kisha nikaweka alama yangu kwenye picha yake. Nikatoka nimevimba kwa hasira. Duka langu nimelizamisha mwenyewe, kwa kalamu.

Jioni wakabandika matokeo ya kituo chetu. Mama Ndoo alikuwa na kura za kujaza uwanja. Mipango alikuwa na moja. Wakaiandika kwa tarakimu, halafu wakaiandika na kwa maneno, mtu asije akadhani ni kalamu imeteleza. Vituo vingine alipata kidogo kidogo, kwa watu wasiomjua.

Tukarudi nyumbani kama watu waliotoka kuzika. Chakula kikawekwa, hakuna aliyegusa. Mama mkwe ndiye aliyeanza. Akapangusa jicho ambalo lilikuwa kavu, akasema, "Angalau mimi mama yako sikukutupa. Ile moja ni yangu."

"Mama!" wifi akaruka. "Ile si ni yangu!"

"Jamani, msinichekeshe," mume wangu akasema. "Kura ile nimeipiga mimi, na kalamu niliibonyeza mpaka karatasi ikataka kutoboka."

Hapo nikashindwa. Niliuma ulimi, ulimi ukakataa kuumwa. Nikapiga meza. "Waongo wakubwa nyinyi! Ile kura ni yangu!"

Wakageuka wote kunitazama. Halafu wakacheka. Kicheko chao cha kwanza siku ile nzima, wakanipa mimi. Mama mkwe alicheka mpaka akajishika mbavu. "Wewe? Wewe wa mtaro?" Na mume wangu, mtu niliyemzalia, akanishika mkono kwa huruma, akaniambia polepole, "Mke wangu, usijipendekeze. Hakuna anayekulaumu."

Mipango alitutazama mmoja mmoja, kisha akainuka, akamwinamia mama yake. "Asante, mama. Nilijua ni wewe." Na bibi yule akaipokea asante yangu! Akaipokea, akamsogezea na bakuli la mboga.

Asubuhi nilikuwa dukani, hasira bado mbichi, Mipango akaingia na suti ndani ya mfuko wa plastiki. Akaiweka mezani.

"Nipunguzie kiuno, shemeji. Niwe naivaa hivi hivi tu."

Nikaitoa suruali, nikaanza kufumua mshono. Nikawa nafumua, nafikiri. Ghafla nikakumbuka jambo ambalo hata kule kibandani sikuliwaza.

"Shemeji, kuna kitu hakiniingii akilini. Unasema ile moja ni ya mama yako."

"Ya nani tena?"

"Sasa ya kwako iko wapi? Yake moja, yako moja, si zingekuwa mbili?"

Akajikuna shingo. Akaangalia nje. Akaangalia dari. Akavuta kiti akakaa, akasimama tena.

"Shemeji, chumba changu si unakijua? Godoro limeoza upande mmoja. Mvua ikinyesha nalala nimekaa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nilipofika pale ndani nikawaza. Nyinyi mmeshanijazia kura, mliapa wote. Yangu moja ingepungua nini? Nikaona, basi, na mimi nipate mtaro."

"Ulimpigia Mama Ndoo."

"Kidogo tu," akasema.

Weee! Damu ilinipanda mpaka machoni. Nikatupa suruali chini. "Mpumbavu mkubwa! Mimi nimeutupa mtaro wangu kwa ajili yako! Duka langu, mkate wa wanangu, nimekupa wewe, ndani ya kile kibanda, peke yangu, mama yako na kaka yako wamekutosa, mimi nikakuonea huruma, kumbe na wewe hujajionea huruma mwenyewe!"

Akanitazama kwa upole kabisa. Akaokota suruali, akaikung'uta vumbi. "Shemeji, acha utani. Jana tulishacheka."

Kabla sijamjibu, nikasikia majembe nje. Nikachungulia. Mama Ndoo amesimama ukingoni mwa mtaro, kanga kaifunga kiunoni, ameshika ndoo, wanaume wanne wako ndani ya tope mpaka magotini. Hata kiapo cha udiwani alikuwa hajakila.

"We fundi!" akapaza sauti, mtaa mzima ukageuka. "Toa meza yako hapo ngazini, watu wafanye kazi! Na asante kwa kura. Nilijua wewe una akili, usingeuacha mtaro wako kwa ajili ya huyo bwege wenu. Kesho nakuletea kitambaa, na safari hii usinishonee gunia!"

Wateja wa kinyozi wananitazama. Muuza magazeti ananitazama. Mama mkwe, aliyekuwa anapita na kikapu chake, akasimama, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyesema tangu mwanzo.

"Karibu," nikamjibu Mama Ndoo. Ningesema nini?

Nikavuta meza ndani. Nikarudi kwenye cherehani, nikaitandaza suruali. Mipango akaja akasimama nyuma yangu, akachungulia juu ya bega langu kile kitambaa cha ziada nilichokiacha kiunoni kwa ajili ya tumbo la mheshimiwa.

"Shemeji," akasema taratibu, "hicho usikikate. Kikunje tu kwa ndani. Miaka mitano si mingi."

Nikachukua mkasi.